Kabla hujabadili lafudhi yako ukifika Uingereza

Wadogo zangu wawili wa Tanga wanajiandaa kuja huku Uingereza kuhudumia wazee, na wote wameniuliza: dada, tujifunze kwanza kuongea kama Waingereza? Nawajibu hapa, maana si wao peke yao wanaouliza.

Waingereza gani? Mimi nilikuja na Kiingereza cha darasani na cha redio, nikapangiwa nyumba ya wazee katika mji mdogo wa Yorkshire. Wiki ya kwanza babu mmoja aliniambia "put t'wood in t'hole". Nilisikia mbao na shimo. Alikuwa anasikia baridi, anataka nifunge mlango. Nikaamini kwamba mimi ndiye mwenye kasoro, nikawa kila usiku nawaigiza watangazaji wa habari mbele ya kioo.

Huku kaskazini neno "bath" wanalitamka kwa a fupi. Watangazaji niliowaigiza huivuta: baath. Nami nikaanza kuivuta kwa bibi mmoja niliyekuwa namwogesha asubuhi. Akawa mkimya. Siku ya tatu akaniambia naongea kama daktari. Hakuwa ananisifu. Maisha yake yote watu wenye sauti ile ndio waliompangia mshahara na kodi ya nyumba, na mbele yao alizoea kusema hajambo hata kama anaumwa. Nilipoiacha ile baath, alianza kunionyesha goti linalomsumbua. Kwa miezi miwili alikuwa ameumia kimya kwa sababu ya irabu moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Lafudhi niliyokuwa naiigiza inaitwa Received Pronunciation. Si ya mji fulani. Ilikomaa katika karne ya 19 kwenye shule za bweni za wenye nazo, kama Eton na Harrow, watoto wakitoka pembe zote za nchi na kuhitimu na sauti moja. Ndiyo maana huku chini kila mji una yake, Leeds si Liverpool wala Newcastle, lakini kadiri unavyopanda ngazi ya tabaka tofauti hizo zinafifia. BBC, iliyoanza mwaka 1922, iliichukua ikawa sauti ya habari. Mwaka 1941, vita vimepamba moto, Wilfred Pickles wa Halifax alisoma habari kwa lafudhi yake ya Yorkshire, na wapo wasikilizaji waliolalamika. Yule bibi niliyekuwa namwogesha alikuwa mtoto wakati huo. Anasema baba yake alisimama karibu na redio mpaka habari zikaisha.

Ukidhani kuna sauti iliyozaliwa bora, itazame herufi r. Mwaka 1962 William Labov, mtaalamu wa isimu wa Marekani, aliingia maduka matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la bei nafuu. Aliwauliza wauzaji vitu alivyojua viko ghorofa ya nne, ili asikie wanavyotamka "fourth floor". Waliotamka r walikuwa wengi zaidi Saks na wachache zaidi Klein. Sasa vuka bahari uje England: mwenye lafudhi ya heshima haitamki r hiyo, na mkulima wa Somerset anayeitamka ndiye anayeitwa mshamba. Sauti ni ileile. Thamani yake inatokana na mfuko wa anayeitamka.

Na msidhani wanaopimwa hivi ni sisi wageni tu. Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa Barnsley, alijua kazi kuliko sote. Aliomba nafasi ya mapokezi mahali fulani, akaambiwa kwa upole kwamba sauti yake haifai kupokea simu. Mwingereza, katika mkoa aliozaliwa mama yake! Tangu siku hiyo niliacha kuona lafudhi ya juu kama dawa.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inataja sifa tisa zinazolindwa, na tabaka haimo. Mgeni ana njia kidogo, kwa kuwa kipengele cha mbari kinagusa uraia na asili ya taifa. Ukidharauliwa kazini kwa matamshi yako, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, halafu piga simu Acas, shirika la umma linaloshauri kuhusu migogoro ya kazini. Ushauri wao ni bure.

Sisi nasi tuna la kujiuliza. Shuleni tulimcheka msichana kutoka bara aliyesema "kura" akimaanisha kula, mpaka akaacha kunyoosha mkono darasani. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Laiti wangekubaliana lahaja nyingine, mimi ndiye ningechekwa.

Basi, wadogo zangu, mkifika zoezeni masikio kwanza. Kaeni na wazee, sikilizeni redio ya mkoa, na mtu akidondosha h, akasema 'ouse badala ya house, msimdhanie hakusoma. Midomo yenu rekebisheni pale tu ambapo mtu anaweza kudhurika. Irabu zetu ni tano, za Kiingereza ni zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo hut, hat, heart na hurt kwetu hutoka karibu sawa. Usiku mmoja nilimpigia simu nesi kwamba mzee ameumia mkono. Nilisema "hurt", yeye akasikia "heart". Gari la wagonjwa lilikuja likiwa limejiandaa kwa tatizo la moyo, na yule mzee alishikwa na hofu hadi alfajiri. Mkazo nao ni muhimu: sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao "hospital" wanaikazia mwanzoni, na ukiukosea kwenye simu hawakupati.

Maneno 12 ya namna hiyo nimeyarekodi kwa sauti yangu na ya mwenzangu wa Barnsley. Nimewatumia kwenye WhatsApp. Anzeni nayo kabla hamjapanda ndege.