Maswali ya Wasomaji: Fahari ya Gari la Zimamoto, la Kale na la Kisasa

Barua za mwezi huu zinajibiwa na mzimamoto mstaafu wa Malindi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzimamoto kijana hapa Malindi. Wazee wa kazi wakitutembelea kituoni hawaishi kuyasifu magari ya zamani, nasi vijana tunalisifu gari letu jipya lenye kompyuta na kamera ya kuona joto ndani ya moshi. Je, ni mapenzi ya ujana wao tu, au magari yale yalikuwa na jambo tusilolijua?
— Mzimamoto, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mapenzi ya ujana yamo, lakini wazee wako hawasifu bure. Chukua mfano wa gari la Dennis F12, lililoundwa Guildford nchini Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Injini yake ilikuwa Rolls-Royce ya petroli, yenye silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa karibu lita 5.7, na aliyewahi kuisikia ikipandishwa mwendo hawezi kuichanganya na nyingine. Kampuni ya Dennis ilikwisha kuunda gari lake la kwanza la zimamoto mwaka 1908, kwa ajili ya mji wa Bradford, na lilitumia pampu inayozungusha maji kwa kasi, wakati ambapo pampu nyingi bado zilikuwa za pistoni zinazosukuma maji kwa mipigo. Wamarekani wa Ahrens-Fox, kule Cincinnati, walidumu na pistoni kwa miaka mingi, nao walikuwa na fahari yao: mbele ya gari palikaa tufe kubwa la chuma linalong'aa, ambalo mpita njia angelidhani ni pambo, kumbe ni chumba cha hewa kinachotuliza mipigo ili maji yatoke katika mpira kwa mkondo mmoja usiokatika.

Ninachokipenda mimi katika magari hayo ni kwamba kazi yao ilionekana kwa macho na kuguswa kwa mkono. Shafti ya pampu ilizibwa kwa kamba zilizolowekwa grisi, na kamba hizo zilitakiwa zivuje tone moja moja pampu inapofanya kazi, kwa kuwa maji hayo ndiyo yaliyoipoza shafti. Mgeni wa kazi akiyaona matone hukimbilia spana na kukaza mpaka yakatike, na haupiti muda kamba zinaanza kunuka kuungua. Mwendesha pampu aliyeiva hakukaza kitu. Aliweka kiganja juu ya chuma, akasikiliza joto lake, kisha akalegeza nati kidogo sana. Pampu yako ya leo ina sili isiyotakiwa kuvuja kabisa, kwa hiyo ukiona tone, mwite fundi.

Hata hivyo, nisingependa urudi kwenye magari yale. Katika mengi ya yale ya mwanzo wazimamoto walisafiri nje, wakiwa wamekaa au kusimama ubavuni na kushikilia vyuma, na wako walioanguka njiani kabla hawajauona moto wenyewe. Nyinyi mnakaa ndani ya kebini iliyofungwa, mkanda kiunoni, mtungi wa hewa ukiwa tayari mgongoni mwa kiti. Breki zenu zinahimili mzigo ambao dereva wa zamani aliubeba kwa hofu; kumbuka kwamba kila lita 1,000 za maji ni tani nzima, na maji yakiwa nusu tangi huyumba kwenye kona na kulivuta gari upande wao, ndiyo sababu matangi hugawanywa ndani kwa mabamba ya chuma. Kamera ya kuona joto nayo ni neema kubwa, kwa maana inamwonyesha mtu aliyelala sakafuni katika chumba ambamo hata mkono wako mwenyewe huuoni. Nenda pia ukawatazame wenzenu wa viwanja vya ndege, ambako kanuni za kimataifa hazikubali gari lichukue zaidi ya dakika 3 kufika popote kwenye njia ya kurukia ndege. Magari yao yameundwa kwa ajili ya dakika hizo, yakipiga maji na povu kwa mzinga wa juu huku yakiendelea kwenda. Na tangu enzi za magari hayo ya kale hadi mwaka 2021, wenzetu wa mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, walipoanza kuitikia moto kwa gari linaloendeshwa kwa umeme, kila kizazi kimekuwa na gari lake la kujivunia.

Kwetu pwani liko jambo moja linaloyaunganisha magari yote, nalo ni chumvi. Pampu nyingi za zamani zilikuwa za shaba iliyochanganywa na bati, nzito kupindukia, lakini zilistahimili maji ya bahari. Pampu za aloi nyepesi hupunguza uzito wa gari, ila chumvi ikikaa ndani huzila haraka. Kwa hiyo mkivuta maji baharini, gari lisirudi kulala kabla halijasukuma maji baridi ya kutosha katika pampu, vali na mipira yote. Kisha funga kila mlango wa pampu, toa hewa, na utazame geji: sindano ikikaa mahali pake, pampu ni nzima, ikirudi polepole, hewa inapenya mahali, na pampu inayopenyeza hewa haitavuta maji siku ya moto. Mzimamoto anayelijua jibu la geji ya gari lake bila kwenda kutazama daftari ndiye ninayemhesabu kuwa na fahari ya kweli, liwe gari la mwaka gani.

SWALI: Mwanangu wa darasa la 4 ameona picha ya gari la zamani lenye kengele ya shaba. Anauliza ni nani aliyeipiga, na kwa nini imeachwa.
— Mama wa Ngala, Malindi

JIBU: Mwambie kwamba mara nyingi aliipiga kiongozi wa kikosi aliyekaa kando ya dereva, kwa kamba au kwa mkono. Barabara zilipojaa magari yenye kelele na madirisha yaliyofungwa, sauti yake haikufika tena mbali. Uingereza ilianza kutumia honi za sauti mbili katika miaka ya 1960, na ving'ora vya umeme vikafuata.

SWALI: Assalaam aleikum. Mji wetu wa kale wa Lamu una vichochoro anavyopishana punda na mtu kwa taabu, na mapaa ya makuti hayako mbali. Gari kubwa la zimamoto litatufaa nini? Na vijana wetu wanaojitolea wajivunie chombo gani?
— Mwalimu, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Tatizo lenu lilitatuliwa zamani kuliko mnavyodhani. Richard Newsham wa London alipata hataza ya mtambo wake wa kuzimia moto mwaka 1721, na aliufanya mwembamba makusudi ili uvutwe kwa mikono katika njia finyu, huku watu wakipampu wamesimama pande zake mbili ndefu. Baada ya zaidi ya miaka 200, serikali ya Uingereza ilitaka pampu ya kubebwa itakayotoa maji maradufu kwa nusu ya uzito uliozoeleka, na kampuni ya Coventry Climax ikaitengenezea injini ndogo ya alumini. Injini ile ilikuwa nyepesi na yenye nguvu hata wenye magari ya mashindano wakaitamani, na mwaka 1954 toleo lake likaingia katika mbio za Le Mans. Kwa hiyo pampu ya kubebwa na watu wanne ni chombo chenye nasaba. Vijana wenu waipake rangi nyekundu na kuiandika jina la mtaa, kama majahazi yenu yanavyoandikwa majina, na kila mmoja ajue kuiwasha akiwa gizani.

Angalieni sana maji. Pampu hainyanyui maji kwa nguvu zake pekee, bali hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kupanda mpira, na kwa kazi halisi hayapandi zaidi ya mita 7 au 8. Juu ya hayo, wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na ufuo wa mbele ya mji hubaki tope. Nendeni maji yakiwa yamekupwa kabisa, mtafute mahali ambapo chujio la mpira litabaki limezama, mpaweke alama, na mpajaribu kwa pampu yenyewe kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Orodhesheni pia visima na mabirika ambayo wenyewe wameridhia yatumike, pamoja na urefu wa mpira unaohitajika kutoka kila kimoja hadi nyumba za makuti zilizo karibu nacho.