Jibu: Mama ana kisukari, anahema akipanda ngazi, ni uzee tu?

Ndugu, unasema mama ana miaka 71, kisukari anacho siku nyingi, na unadhani ni uzee kwa kuwa kifua hakimuumi. Hapo kwenye "hakimuumi" ndipo pa kuwa mwangalifu. Kisukari kikikaa miaka mingi huharibu neva, zikiwemo zile zinazopeleka taarifa za maumivu kutoka kwenye moyo. Mtu anaweza kuwa na mishipa ya moyo iliyoziba, hata akapata shambulio, bila kifua kubana. Anachosikia ni pumzi kukata, jasho, kichefuchefu au uchovu usioeleweka.

Muulize analalia mito mingapi. Baba yangu alianza na mmoja, ikawa mitatu, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi, na sisi tunadhani anapenda tu redio. Kumbe moyo umechoka, maji yanajaa mapafuni. Mbonyeze pia mguuni juu kidogo ya kifundo: kidole kikiacha shimo, huenda ni maji hayohayo. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, usipuuze.

Hospitali waombeni kipimo cha umeme wa moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), wapime na figo na wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao hukata pumzi. Dawa zote anazotumia zibebeni; pioglitazoni, dawa mojawapo ya kisukari, kwa mfano, huufanya mwili utunze maji.

Pumzi ikimkata ghafla akiwa ametulia, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.