Kabla ya kuongeza kina cha kisima, hesabu uniti

Msomaji wa Ruai ameniandikia: maji ya kisima chake yameshuka kutoka mita 140 hadi 190, tokeni haziishi wiki, na fundi anamwambia anunue pampu kubwa ama achimbe zaidi. Ana ekari moja ya sukuma wiki na anamwagilia kwa mitaro. Ndugu yangu, funga pochi kwanza.

Kuinua lita 1,000 mita 100 kunakula uniti 0.27 za stima hata pampu isipopoteza kitu. Pampu na mota za mashambani hupoteza karibu nusu, kwa hiyo weka 0.55. Kwa mita 140 ni uniti 0.76, kwa mita 190 ni 1.04.

Sasa shamba. Ekari ikihitaji milimita 5 kwa siku, mizizi inataka lita 20,000. Mitaro ikifikisha asilimia 60 tu ya maji, lazima uvute lita 33,300. Dripu, yaani mipira inayodondosha maji kwenye mizizi, inayofikisha asilimia 90 inataka 22,200. Tuseme uniti ni shilingi 25 (weka bei unayolipa wewe). Mitaro kwenye mita 140 ilikula karibu shilingi 635 kwa siku. Kwenye mita 190 inakula 865. Dripu kwenye mita hizo hizo 190: 575. Yaani kwa bili ya stima, dripu kwenye maji yaliyoshuka ni nafuu kuliko mitaro yako ya zamani. Nimelisema hili mara nyingi na bado watu wanakimbilia mtambo wa kuchimba!

Usiamini hesabu yangu, pima yako. Soma mita ya stima, jaza tenki la lita 5,000, soma tena, gawanya uniti kwa tano. Ukipata zaidi ya 1.5 kwenye mita 190, tatizo ni pampu kuliko kina: mapangaboi ya ndani yanayosukuma maji yamelika kwa mchanga, au pampu ilichaguliwa kwa mita 140 na sasa inatoa maji kidogo huku mota ikinyonya stima karibu ile ile.

Kina chenyewe kipimwe mara mbili, asubuhi kabla ya kuwasha na baada ya saa mbili za kuvuta. Pitisha kamba ya kupimia ndani ya bomba jembamba lililofungwa kando ya bomba la pampu. Bila hilo kamba itajisokota kwenye nyaya. Pengo likiwa kubwa, kaza vali ya juu kidogo, vuta polepole kwa saa nyingi, ujaze tenki usiku. Weka pia kifaa cha kuzima mota maji yakiisha, kwa sababu pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayopita kando yake. Ikivuta hewa, mota inaungua.

Sola? Inafuta tokeni, ila inakushawishi uvute kutwa nzima, na chini ya ardhi hakuna bikoni kati yako na jirani.

Jambo dogo ambalo wengi huruka: visima vya Nairobi mara nyingi vina sodiamu nyingi. Udongo ukianza kufanya ganda gumu juu, peleka maji maabara kabla ya kulaumu mbolea.

Dripu ikishafungwa na matandazo ya nyasi yakawekwa, linganisha mauzo ya wiki na uniti za wiki. Yasipolipa, bakiza nusu ekari, uipande managu. Kuchimba zaidi kuje baada ya hapo, ukiwa na idhini ya WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) mkononi.