Kabla hujalipia hoteli Unguja, tazama mwezi kwanza

Mkuu, umeuliza namna ya kuwapeleka Unguja shemeji, watoto wawili na mama kutoka Dodoma, siku tano, likizo ya shule, bila kuchoshana na bila kulanguliwa. Ukauliza pia kati ya Nungwi na Paje wapi ni bora. Wadau hapo juu wameshakutajia hoteli za kutosha. Mimi nimekulia Tanga kwenye nyumba ya wavuvi, na Unguja naenda na wanangu mara kwa mara, kwa hiyo nakujibu upande ambao hakuna aliyeugusa: siku utakazokuwa kule, bahari itakuwaje?

Nasema hivi kwa sababu nimeshuhudia mara nyingi pale Jambiani. Familia inafika usiku, asubuhi inaamka na maboya mikononi, inakuta mchanga mtupu na bahari iko mbali kabisa, mstari mweupe tu wa mawimbi kwenye mwamba. Wanaanza kuzozana na watu wa mapokezi kana kwamba wametapeliwa. Hakuna aliyewatapeli. Wamefika siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari inajaa sana na kupwa sana, na hawakuambiwa.

Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, imekingwa na mwamba ulio mbali na ufuko, na kati ya mwamba na ufuko kina ni kidogo. Maji yakipwa hapo, yanapwa kweli. Nungwi na Kendwa kule kaskazini kina kiko karibu na ufuko, hivyo unaoga karibu saa yoyote. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya sehemu hizo mbili ulizouliza, kuliko bei na kuliko picha.

Sasa hesabu yenyewe. Tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, ni bamvua, na hali hiyo huendelea siku mbili tatu mbele. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Karibu na tarehe 7 na 8, na tena 22 na 23, ni maji mafu: bahari inapanda na kushuka kidogo tu, haikimbii mbali. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi na kujaa saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa saa 4 au 5 asubuhi, yanapwa jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukishajua hivyo unaweza kupanga siku zako zote ukiwa Dodoma. Kwa saa na dakika kamili kuna jedwali za maji mtandaoni, tafuta ya bandari ya Zanzibar.

Kwa familia yako, yenye watoto na mama ambaye umesema magoti yanamsumbua, mimi ningechagua siku za maji mafu. Asubuhi baada ya chai maji yako hapo hapo mbele, mama anaingia hatua chache tu, watoto wanaoga kabla jua halijawa kali. Ikibidi kwenda bamvua basi laleni Nungwi au Kendwa. Ila kwa Kendwa uliza kwanza kuhusu Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kuna disko kubwa la ufukweni na muziki unakesha.

Hata hivyo bamvua si adhabu. Asubuhi ya bamvua pwani ya mashariki ina mambo ambayo mgeni wa Nungwi hayaoni. Kina mama wanateremka kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimepangwa safu kwa safu, na kwenye vidimbwi watoto wataona kaa, viti vya pwani na samaki wadogo wa kila rangi. Vaeni viatu vya mpira, si ndala, kwa sababu kuna viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu na mwiba wao ukikatikia unyayoni siku zako zilizobaki utazimaliza kitandani. Wakulima wa mwani wasalimieni, na kabla ya kupiga picha ombeni ruhusa. Wako kazini na maji yanawasubiri kwa saa chache tu. Na hili ni la usalama, lishike: msiende mwambani bila mwenyeji, na bahari ikianza kurudi nanyi mrudi papo hapo. Maji hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Yanapita kwanza kwenye mikondo, unaweza kuwa umesimama pakavu na nyuma yako kati yako na ufuko kumeshajaa kifuani kwa mtoto.

Upepo nao una sehemu yake. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma kuanzia Mei hivi hadi Septemba, na upande wa mashariki unaupata wote usoni. Ndiyo maana Paje imejaa wale wanaoteleza majini kwa matiara. Kwao ni neema, kwa mama aliyekaa mkekani mchanga unaingia kwenye chai. Kipindi hicho Kendwa imejikinga. Kaskazi ni Desemba hadi Machi, joto kali, bahari ya mjini na ya kivuko huwa tulivu zaidi. Masika, mwishoni mwa Machi hadi Mei, bei zinashuka na baadhi ya hoteli hufunga, lakini mvua yake si ya kubahatisha na watoto.

Kwa kuwa umefungwa na likizo za shule, una nafasi mbili nzuri: katikati ya Juni, mvua imeisha na wageni wa Ulaya hawajafurika kama Julai na Agosti, au Desemba shule zikishafunga, kabla bei hazijapaa kwa Krismasi na mwaka mpya. Ndani ya nafasi hiyo chagua siku tano zinazoangukia maji mafu, kisha ndipo utafute hoteli. Watu wengi hufanya kinyume. Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mchana wake kule migahawa mingi ya mitaani hufungwa na kula hadharani hakukubaliki, jambo gumu ukiwa na watoto safarini.

Njiani: kutoka Dodoma pandeni treni ya SGR, mama atashuka Dar akiwa hajachoka. Kateni tiketi mapema, hasa kama mnasafiri Ijumaa au kurudi Jumapili. Msijaribu kuunganisha treni na boti siku moja. Laleni Dar, mchukue boti ya asubuhi, safari ni kama saa 2 na mkondo wa Unguja asubuhi kwa kawaida una mawimbi madogo kuliko alasiri, tofauti ambayo kipindi cha kusi inaonekana wazi. Kaeni katikati ya boti au nyuma, chini, si mbele. Mwenye kutapika ameze dawa nusu saa au saa moja kabla ya boti kuondoka. Akishaanza kuchafukwa imeshachelewa. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, maana bei ya raia na ya mgeni ni tofauti na utaulizwa. Tiketi nunueni ofisini kwa kampuni au kwenye tovuti yake. Wale wanaokudaka getini wakisema boti imejaa, wapite tu.

Upande wa pili bandarini mtapokewa na mapapasi, yaani vijana wanaowang'ang'ania wageni kuwauzia huduma. Jibu ni salamu, tabasamu, na kuendelea kutembea. Mpange gari na hoteli siku moja kabla, bei mkubaliane kwa maandishi kwenye simu. Kama ungekuwa peke yako ningekwambia upande daladala mjini, 116 inakwenda Nungwi na 309 Jambiani, ni nafuu mno na mazungumzo ya humo ni burudani. Kwa mama mwenye magoti na mizigo, lipia gari.

Usiku wa mwisho laleni Mji Mkongwe, si wa kwanza. Mkilala Nungwi usiku wa mwisho mtaamka alfajiri kukimbizana na boti, na uchovu wote unarudi. Mkiwa mjini mnatembea taratibu, jioni kwenye bustani ya Forodhani watoto wanakula urojo na juisi ya miwa. Mishikaki ya samaki na pweza ulizeni bei kabla ya kuchagua, na chukueni inayochomwa mbele yenu, si iliyokaa mezani tangu magharibi inayopashwa moto tu.

Kutoka mjini watoto wapelekeni kisiwa cha Changuu wakaone kobe wakubwa, ambao asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Mama anaweza kubaki, kwa sababu kushuka kwenye mashua maji yakipwa kunahitaji miguu yenye nguvu. Kile kichanga cha Nakupenda, yaani fungu la mchanga katikati ya bahari, ni cha maji kupwa tu, maji yakijaa kinafunikwa, kwa hiyo siku za maji mafu asubuhi msimruhusu nahodha awachukue hela kwa kichanga ambacho huenda hakipo. Na pomboo wa Kizimkazi mimi siwashauri kwa namna wanavyofuatwa na mashua nyingi kwa pamoja. Wanyama wale wanachoshwa. Kama mnakwenda, mwambieni nahodha mapema kwamba mtatazama kwa mbali na hakuna atakayerukia majini, na bei ibaki ile ile.

Nguo: vijijini na mjini mabega na magoti yafunikwe, kila mtu kanga moja ya ziada, itakuwa taulo, shuka ya boti na kivuli. Dawa za mama ziwe kwenye mkoba wake wa mkononi, siyo kwenye begi linalopelekwa na wachukuzi.

Ukishajua shule inafunga lini, weka tarehe hapa, nitakutazamia ni siku zipi zenye maji mafu.