Mtuhumiwa aliyeua? Chagua moja

Msomaji wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Niko katikati ya Les Caves du Majestic, ile riwaya ya Kifaransa ya Georges Simenon yenye mpelelezi Maigret. Nikawahadithia wenzangu kwenye grupu hivi: 'Mtuhumiwa Prosper Donge alimnyonga Bi Clark hotelini Paris akamfungia kwenye kabati namba 89.' Jamaa mmoja akanirukia, eti kunyonga ni kwa kamba tu, kwa mikono ni kukaba. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Kwenye hilo uko sahihi wewe. Kunyonga ni kubana koo mpaka pumzi ikatike, iwe kwa kamba, kwa kitambaa au kwa mikono mitupu. Kukaba ni kubana tu, mtu anakabwa usiku anaporwa simu na kesho yake yuko kituoni anatoa maelezo, na beki anamkaba mshambuliaji dakika 90 nzima hakuna anayezikwa. Kunyonga lenyewe ni neno pana, hata baiskeli tunanyonga, na huyo Donge asubuhi ile alikuwa anainyonga ya kwake kwenda kazini ikapata pancha ndo maana akachelewa. Hilo tumemaliza.

Sasa turudi mwanzo wa sentensi yako, maana huko ndiko kwenye kinyaa changu cha siku zote na huyo jamaa yako kapita juu yake kama hajaona kitu. "Mtuhumiwa Prosper Donge alimnyonga." Jamani! Mtuhumiwa ni mtu anayetuhumiwa, tuhuma tumeipata kwa Waarabu, maana yake ni dhana mbaya juu ya mtu, na ile -iwa mwishoni inaonyesha kwamba yeye katendewa, watu wengine ndo wanamdhania. Sasa umeshasema anadhaniwa, hapohapo unasema "alimnyonga", umemaliza kesi! Kama unajua alimnyonga basi mwite muuaji, kama hujui basi usiseme alimnyonga. Huwezi kukaa kote kuwili ndani ya sentensi moja.

Na wala si wewe peke yako, fungua habari yoyote ya polisi utakuta "mtuhumiwa aliyemuua mkewe akamatwa", "watuhumiwa walioiba ng'ombe wafikishwa mahakamani", mwandishi anadhani akishaliweka neno mtuhumiwa mbele basi kajikinga, halafu anaachia kitenzi kinahukumu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, lakini sisi tunamfunga kwa kiambishi "aliye-" tu, jirani zake wanasoma, watoto wake wanasoma, na akiachiwa huru hakuna anayerudi kuandika habari ya pili.

Chukua hiyohiyo riwaya yako. Donge ni mtu wa chini kabisa hotelini, chini kweli maana anafanya kazi ghorofa ya chini ya ardhi, anasimamia chumba cha kahawa cha Majestic pale Champs-Élysées. Anafika kachelewa, anafungua kabati namba 89, anakuta maiti ya mgeni wa hoteli, mke wa tajiri wa Kimarekani. Mpaka hapo Donge ni shahidi. Kisha inagundulika kwamba huyo mama zamani walijuana naye kule Cannes, hapo anaanza kuwa mtuhumiwa. Kabati lilelile linatoa maiti nyingine, ya Justin Colleboeuf, mlinzi wa mlango wa zamu ya usiku, na hakimu mchunguzi Bonneau anaona basi, akamatwe. Sasa ni mahabusu. Angalia, ngazi zote hizo kapanda na bado hajawa muuaji! Maigret mwenyewe anaendelea kuhangaika kwa sababu haridhiki, na riwaya nzima inaishi kwenye hiyo nafasi kati ya kudhaniwa na kuthibitika, wewe umeiziba kwa kitenzi kimoja ukiwa katikati ya kitabu. Muuaji ni nani sikwambii, endelea kusoma.

Kuna wengine wamekimbilia upande wa pili, kila kitu "inadaiwa": "inadaiwa marehemu alifariki". Anayedai ni nani, na marehemu gani ambaye hajafariki? Na wengine mtu kashahukumiwa miaka 30 bado wanamwita mtuhumiwa, wakati pale keshakuwa mfungwa.

Wakenya wanapenda kusema mshukiwa, wengi wa huku tunasema mtuhumiwa, mimi sina ugomvi hapo, yote yanafaa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Na mama akiuliza nani kala chapati akasema "mtuhumiwa aliyekula ajitokeze", mwacheni, nyumbani ni nyumbani. Lakini kwenye roho ya mtu hapana.

Kwa hiyo grupuni andika hivi: "Bi Clark alinyongwa hotelini, maiti ikafichwa kwenye kabati namba 89, na Prosper Donge anatuhumiwa kumuua." Kunyongwa kumethibitika, kwa hiyo "alinyongwa" inasimama yenyewe bila "inadaiwa", na jina la Donge linakaa na kitenzi chake cha haki. Huyo jamaa yako naye mwambie akitaka kukosoa sentensi aisome kuanzia neno la kwanza.