Kichaga ni Lugha Moja au Nyingi? Wasomaji Mnauliza

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Moshi mjini, mama yangu ni wa Rombo, mke wangu Mmachame. Juzi mama mkwe kaja kutusalimia wakakaa sebuleni na mama, wakaanza kupiga Kichaga, haikuchukua muda wakahamia Kiswahili wenyewe. Mtoto akaniuliza, baba hivi hiyo ni lugha moja kweli? Nikakosa jibu. Mashemeji nao wanasema Kimachame ndo cha asili, Warombo wamekiharibu. Nisaidie.

JIBU: Mashemeji waambie watulie kwanza. Hakuna cha asili hapo wala kilichoharibika, wote mmetoka kwenye lugha moja ya kale ambayo leo haiongewi na mtu, na kila upande umebakiza vitu fulani ukapoteza vingine.

Zunguka mlima Kilimanjaro taratibu kutoka magharibi: Siha, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika mpaka Rombo. Kibosho na Uru wanaelewana, Marangu na Mwika ndo usiseme kabisa, kila mtu na jirani yake mambo safi, ila ukiruka wa katikati wote ukamkutanisha wa Machame na wa Mkuu Rombo ndo yanatokea ya sebuleni kwako. Wataalamu wanaita mwendelezo wa lahaja. Sasa mpaka unauweka wapi? Hakuna korongo ambalo ukilivuka unasema hapa lugha imeisha. Hayo makorongo yenyewe yamechangia, maana yanashuka kutoka juu na kutenganisha watu, zamani kila eneo lilikuwa na mangi wake, yaani chifu, na vita vyake na jirani. Mangi Mkuu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, kaja 1952, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa nchi nzima.

Kiswahili nacho kilikuwa hivyohivyo pwani nzima. Tofauti ni kwamba mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakaamua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndo kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, kamati ikaanza kazi 1930, Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mashairi yake yote ya kufa mtu kikawekwa pembeni (Wamombasa mpaka leo wana lao la kusema na mi naona wana haki). Kwa hiyo ule umoja tunaouona kwenye Kiswahili sanifu ulipangwa mezani.

Hilo la asili sasa. Muombe mtu wa Marangu ahesabu, saba atasema mfungare, tisa atasema kenda. Hizo ni namba za Kibantu za zamani, sisi kwenye Kiswahili tumeziacha tukachukua saba na tisa za Kiarabu, kenda unaikuta kwa wazee tu na ile saba ya kwetu imebaki kwa maharusi, fungate. Haya, Mchaga kashinda? Hapana, maana tatu kwake ni raru, namba kaitunza ila sauti kaibadilisha, sisi sauti tumeitunza namba nyingine tukaziacha. Hakuna aliyebaki salama.

Mtoto mwambie ni lugha kadhaa za ndugu zenye jina moja, na hilo jina limekaa zaidi kwenye ukabila kuliko kwenye maneno.

SWALI: Mi ni wa Arusha, Wameru na Waarusha tunakaa mlima mmoja, mbona hatuelewani kabisa, sio ndugu?

JIBU: Kwa lugha hapana. Kimeru ni Kibantu, ndugu wa karibu kabisa wa Kimachame, wakati Waarusha wanaongea Kimaasai ambacho kiko kwenye ukoo wa Kiniloti. Kulima pamoja na kuoleana hakujazifanya lugha kuwa ukoo mmoja, ingawa maneno mmeazimana. Mmachame akienda sokoni Tengeru akawasikiliza kina mama wa Kimeru ataokoteza mengi tu, akifika Ngaramtoni kwa Waarusha itabidi atoe Kiswahili.