Anza na Tupa: Ushauri kwa Wanaoingia Kazi ya Pawasoo

Kila misimu ya mvua inapokaribia, yaani mwezi wa Machi na tena Septemba, wenye nyumba wa Kampala na Entebbe hukumbuka miti iliyoegemea mapaa yao, nasi hupata kazi nyingi kuliko tunavyoweza kuzimaliza. Ndipo vijana wapya hujiunga na vikundi vyetu, na karibu wote huja na swali moja: watapanda mti lini? Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Mwezi wa kwanza mgeni hukaa chini na tupa ya kunolea mkononi, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba ajali inayosemekana kutokea juu ya mti ilianza jioni ya jana yake, pale pawasoo, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa na injini, iliporudishwa stoo bila kusafishwa wala kunolewa.

Mnyororo wenye makali huingia ndani ya mti kwa uzito wa mashine tu, na mkono wako kazi yake ni kuuongoza. Hali yake utaijua kwa kutazama kile kinachomwagika miguuni pako. Ukikata mti mbichi kwa kuukingama na ukaona vipande vinene vyenye ncha, endelea. Ukiona unga laini kama wa muhogo, zima mashine hapo hapo. Mgeni asiyezima huanza kusukuma, na mambo yote mabaya hufuata kwa mpangilio wake: mikono huchoka, bamba linalobeba mnyororo hupata joto, mnyororo hulegea, na tawi linapokatika ghafla mwili wote huufuata msumeno. Msumeno ukivuta upande mmoja, meno ya upande mmoja ni mafupi au ni butu kuliko ya upande wa pili, na hakuna nguvu za mikono zitakazounyoosha mkato huo.

Tupa ya duara lazima ilingane na mnyororo. Mnyororo ambao nafasi ya viungo vyake (pitch) ni inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8, ule wa inchi 3/8 kwa milimita 5.2 au 5.5 kufuatana na mtengenezaji, na ule mwembamba wa misumeno midogo ya juu ya mti kwa milimita 4.0. Tafuta jino fupi kuliko yote, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua urefu wa mengine. Sukuma tupa kuelekea nje kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, iinue unaporudi, na uhesabu: ikiwa jino la kwanza limepata misukumo mitatu, yote yapate mitatu. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pima pia vile vinundu vilivyo mbele ya meno, ambavyo huamua jino lichimbe kina gani. Kwenye minyororo mingi kinundu kinatakiwa kuwa chini ya jino kwa takriban milimita 0.65. Wapo wanaovikata sana kwa tupa bapa ili mashine ‘ile mbao’ haraka. Kwa kweli inakula haraka, lakini pia inaruka, na sitaki kufanya kazi karibu na mtu wa namna hiyo.

Mti wenyewe pia huamua utanoa mara ngapi. Kwa kawaida tunanoa kila tunapojaza tena mafuta, lakini mvule hauheshimu kawaida hiyo. Ndani ya mvule mkubwa hupatikana madonge magumu ya chokaa, mawe hasa, ambayo mafundi wa mbao wa Ndeeba, mtaa wa Kampala, wanayajua vizuri kwa sababu huharibu misumeno yao pia. Unakuwa unakata vizuri, kisha unasikia mlio umebadilika na kuona cheche. Jino halipo tena. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kuziba kifua, kwa hiyo funika pua. Miti ya uani huwa na adui mwingine: misumari ya kamba za nguo na waya wa seng’enge uliomezwa na gome miaka mingi iliyopita. Zunguka mti na umuulize mwenye nyumba kabla ya kuwasha.

Lakini mti ulionifundisha mimi ni mfenesi. Katika mwaka wangu wa kwanza tulikata mfenesi mkubwa kwenye ua mmoja ulio kando ya barabara ya Entebbe, na tulipomaliza jua lilikuwa limezama, nikaufunika msumeno kwa gunia na kwenda kulala. Utomvu wa mfenesi ni ulimbo. Ulichanganyika na unga wa mbao ndani ya kifuniko cha pembeni, ukaganda usiku kucha kuzunguka utepe wa breki ya mnyororo. Asubuhi niliwasha bila kuijaribu breki. Nilipokuwa nikikata matawi yaliyolala chini, pembe ya juu ya ncha ya bamba iligusa tawi ambalo sikuwa nimeliona, na msumeno ukapiga teke kuelekea usoni. Mkono wangu wa kushoto uligonga kinga ya mbele, ile inayofunga breki, kama inavyotakiwa, kinga ikasogea, lakini mnyororo haukusimama. Ulipita juu ya bega langu, ukachana shati na ngozi kidogo, na kovu lake ninalo. Tulipofungua kifuniko, tulichimbua donge jeusi kwa bisbisi kama mtu anayechimba nta. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya mkato wa kwanza, msumeno huwashwa ukiwa umelazwa chini, huongezwa mwendo kidogo, kisha breki husukumwa mbele. Mnyororo usiposimama papo hapo, msumeno huo haufanyi kazi siku hiyo, hata kama mteja amesimama mlangoni akitazama saa.

Kuhusu mafuta sitasema mengi. Injini nyingi za misumeno ya sasa hutaka petroli na oili ya injini za aina hiyo kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili katika jerikeni ya lita 5. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko cha soda. Changanya kiasi utakachokitumia ndani ya mwezi mmoja. Oili ya kulainisha mnyororo ni nyingine, na hapa kuna desturi ambayo ningependa wageni wasiirithi: kutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ni ya bure, lakini ina chembe za chuma zinazokula mfereji wa bamba, na hukurukia ngozini siku nzima. Ili kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya bamba kwenye gunia jeupe na uongeze mwendo. Mstari mwembamba wa oili ukijichora, mambo ni sawa. Usipojichora, usikate.

Vumbi jekundu la murramu huziba kichujio cha hewa upesi, na injini isiyopumua hutoa moshi na kupoteza nguvu. Mgeni akiona hivyo hukimbilia kuzungusha skrubu za kabureta. Usiziguse. Piga kichujio kwa brashi au kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke, kisha ujaribu tena. Nimeona pistoni nzima ikiungua kwa sababu mtu alipunguza mafuta ‘ili mashine ipige kelele vizuri’.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Msumeno huwashwa ukiwa chini, breki ikiwa imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma. Ile mbinu ya kuutupa hewani huku ukivuta kamba ni ya kujionyesha. Kidole gumba cha kushoto huzunguka mshikio wa mbele, hakilali juu yake. Juu ya mti, unapokata, uwe umefungwa kwa njia mbili tofauti, na mojawapo iwe na waya wa chuma ndani yake, kwa maana kamba ya nailoni na mnyororo haviwezi kuwa marafiki. Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, wa pili kutoka juu mbele yake kidogo, na wa mwisho karibu na shina bila kuigusa ile shingo iliyovimba ambayo mti hutumia kufunga kidonda.

Mkaratusi una tabia yake. Mbao yake imebeba mvutano mkubwa, na ukiukata ule ulioinama kwa mkato wa nyuma wa kawaida, shina linaweza kupasuka wima na kurudi kwa nguvu mahali uliposimama. Acha bawaba, yaani ukanda wa mbao usiokatwa unaouongoza mti unapoanguka, ya unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha shina, na uwe umesafisha njia ya kukimbilia nyuma kimshazari kabla hujawasha. Watu wengine wote wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Nyaya za umeme hazina mjadala. Baadhi ya laini zinazopita juu ya mitaa yetu ni za kilovolti 11 au 33, na tawi bichi lililoloa mvua hupitisha umeme bila wewe kuugusa waya. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 mtandao wa usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, badala ya kampuni iliyoitwa Umeme; wao ndio wa kuzima laini, na tunasubiri hata kama ni siku mbili. Vilevile mti wa kando ya barabara ndani ya jiji haukatwi kabla ruhusa ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, haijapatikana.

Katika kikundi chetu wamo watu wa Arua, Gulu, Masaka na Busia, na kelele ya injini huifanya kila lugha kuwa ngumu. Tuna neno moja tu, ‘simama’, na filimbi moja ndefu yenye maana hiyo hiyo. Yeyote anaweza kuipuliza, hata aliyeanza kazi leo, na hakuna anayemuuliza sababu kabla injini haijazimwa.

Jioni, mnyororo ukiwa bado moto, ulegeze kidogo kabla ya kuuweka, kwa kuwa hunywea unapopoa na unaweza kuvuta mhimili wa injini. Toa bamba, kwangua mfereji wake, ligeuze juu chini ili lilike sawasawa, kisha fungua kifuniko cha breki hata kama hukukata mfenesi. Na ikiwa uliukata, usijisumbue kunawa kwa sabuni kwanza: paka mafuta ya kupikia mikononi, usugue mpaka ulimbo uachie, ndipo uchukue sabuni.